Kuanguka si Kutua

Wapenzi wa lugha, kipo kitenzi kimoja ambacho tumekizoea mno katika habari za ajali za angani: kuanguka. Embe huanguka, serikali huanguka, na ndege nayo huanguka. Nakiheshimu kitenzi hicho, lakini naona tumekitwisha mzigo usio wake.

Jambo hili lilinigusa mjukuu wangu alipoanza kujifunza urubani. Siku moja alimpigia simu mama yake hapa Mwanza, akamwambia, "Leo mwalimu amezima injini tukiwa angani." Binti yangu aliketi palepale, akaapa kwamba mtoto ataacha masomo hayo. Sikumshangaa. Kwetu sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria, habari ya ndege ina kidonda. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ya Precision Air iliishia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Wavuvi ndio waliotangulia kufika kuokoa. Ile haikuwa ndege ya mafunzo, lakini moyo wa mzazi hauulizi aina ya ndege.

Nilimwomba kijana anieleze upya, polepole. Kumbe mwalimu hakuzima injini. Aliipunguza nguvu ikabaki ikinguruma tu, ili mwanafunzi ajizoeze siku itakapozimika kweli. Nayo huweza kuzimika: mafuta yakiisha, maji yakichanganyika na mafuta, au barafu ikiganda ndani ya kabureta, hata katika nchi ya joto kama hewa ina unyevu mwingi. Hapo mwanafunzi hurekebisha kwanza mwendo, huchagua mahali pa kushukia, hujaribu kuiwasha tena, kisha huita msaada kwa redio. Ndege ndogo ya injini moja iliyo mita 1,000 juu ya ardhi haiporomoki kama jiwe. Pasipo upepo, yaweza kwenda kilomita 9 hivi ikishuka kwa mbawa zake tu.

Mwendo huo tuuiteje? Hapa ndipo lugha ya magazeti inapotuacha yatima. Mvuvi wa Kirumba injini ya mtumbwi wake ikizimika hasemi amezama, hushika kasia. Rubani naye, ambaye jina lake tulilichukua kwa mabaharia, anastahili kitenzi cha kasia yake. Mimi napendekeza kuambaa: chombo huambaa pwani, kikiifuata bila kuigusa; na ndege isiyo na injini huambaa hewani, ikitafuta pa kutua.

Na kutua ni neno lenye kina. Jua hutua, mchukuzi hutua mzigo, na kutoka humo tumepata kutulia na utulivu. Anayeanguka hana hiari. Anayetua amechagua mahali, hata kama pahali penyewe ni pabaya. Septemba 1936 Beryl Markham, aliyelelewa Njoro, Kenya, alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi. Mafuta yakakoma kuifikia injini, naye akaishusha ndege katika kinamasi cha Nova Scotia, Kanada. Pua ya ndege ilizama topeni na yeye akaumia kichwa, lakini aliishi. Je, alianguka au alitua? Kiswahili hakina budi kuwa na nafasi ya jibu la tatu.

Nilipomfafanulia binti yangu tofauti ya kuzima na kupunguza, hofu yake haikuisha, ila ilipata mipaka. Kijana anaendelea na masomo. Neno sahihi halizuii ajali. Humwezesha mtu kuogopa kile kilichopo, si zaidi.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Tumezoea kuitamka kwa kejeli, tukimsubiri mwenye majivuno aporomoke. Kwa mama wa rubani mwanafunzi, methali hiyo ni dua. Washairi, nileteeni kitenzi kilicho bora kuliko changu, ili mama huyo apate cha kuombea.