Printa ya Parokia Ilipogoma



Nilipokuwa katika mwaka wa uchungaji, kwenye parokia moja ya vijijini mkoani Dodoma, nilikabidhiwa kazi kadhaa ambazo seminarini hatukuzisoma. Kupokea magunia ya zaka. Kupatanisha kwaya mbili zinazogombania kinanda kimoja. Na kutunza printa.

Printa yenyewe ilikuwa ya kawaida, ya kutumia nyumbani, yenye matangi manne ya wino ubavuni: nyeusi, bluu, nyekundu na njano. Ilikaa juu ya kabati katika ofisi ya nyumba ya mapadre, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama zilivyofunikwa redio za babu zetu. Kutoka pale hadi steshenari ya karibu ni zaidi ya saa moja kwa bodaboda, na hapo barabara iwe kavu. Kwa hiyo matangazo ya Dominika, fomu za ubatizo, barua za kuomba michango, vyote vilitoka kwenye mashine ile.

Aliyeitumia miaka yote kabla yangu ni katibu wa parokia, mama wa makamo ambaye kila mtu alimwita Mama Katibu, nami nikamwita hivyo hivyo. Nilimkuta na mazoea mawili. La kwanza, kila Jumatatu alichapa ukurasa mmoja wa rangi, picha ya mtakatifu wa juma lile, akawapa watoto wa Utoto Mtakatifu waibandike darasani kwao. La pili, alipomaliza kazi aliizima printa kwa kitufe chake, kisha akasimama kuisubiri imalize mlio wake wa ndani, krr, krr, tak, ndipo akafunga mlango. Swichi ya ukutani hakuigusa.

Mimi nilifika na bidii ya frateri mpya. Kwenye kikao cha fedha Baba Paroko alilalamikia bili ya umeme na bei ya wino, nikaona hapa ndipo pa kuonyesha kwamba nimekuja kazini. Mwezi Juni nikamwambia Mama Katibu, mhasibu akiwa ameketi palepale, kwamba picha za rangi ni matumizi mabaya ya mali ya Kanisa, watoto wanazichana tu, na kwamba tangu siku hiyo printa nitaisimamia mwenyewe. Akajibu, "Sawa, Frateri." Tangu hapo kila jioni nikawa naichomoa ukutani, pengine karatasi ya mwisho ikiwa bado haijatoka vizuri. Na kwa kuwa Julai matangazo yetu yalikuwa machache, zilipita hata wiki mbili bila kuchapa chochote.

Mwezi Agosti katekista wetu mkuu akafariki, siku ya Alhamisi. Mazishi yakapangwa Jumamosi saa saba mchana. Mzee huyu alikuwa amefundisha dini tangu kabla mimi sijazaliwa, na kwa miaka mingi alivifikia vigango kwa miguu. Ijumaa mchana nilikaa na mjane wake chini ya mwembe, nikaandika wasifu wa marehemu jinsi alivyousimulia. Aliniomba mambo mawili. Vigango vyote saba vitajwe kwa majina. Na kila mtoto wake, wako sita, apewe nakala yake mkononi, kwa sababu, alisema, maneno ya msibani yanaishia msibani. Nikamwambia, "Mama, hilo usihangaike nalo, nitachapa leo hii."

Saa tatu usiku wasifu ulikuwa tayari kwenye kompyuta, kurasa mbili. Nikaamuru ichape. Kimya.

Ndugu msomaji, kama una mashine ya namna hii unaujua ukimya huo. Taa inawaka, karatasi zimo, wino unaonekana kwenye matangi, na hakuna kitu. Kompyuta ikaniandikia kwamba printa haipo hewani. Nikachomoa waya, nikauchomeka tundu jingine, nikazima vyote na kuviwasha. Kimya. Ilinichukua karibu saa nzima kugundua kwamba kwenye kompyuta sasa kulikuwa na printa mbili zenye jina moja, ya pili ikiwa na namba 1 mbele ya jina. Ukibadilisha tundu la waya, kompyuta inaweza kudhani umeleta mashine mpya. Ikaisajili upya, lakini kazi zako ikaendelea kuzipeleka kwa ile ya zamani ambayo haipo tena. Nilipofungua foleni ya ile ya zamani nikakuta kazi kumi na moja zimepanga mstari, nyingine za majuma mawili nyuma, ya kwanza imekwama na zote zimesimama nyuma yake. Ukiifuta haifutiki. Dawa yake ni kuisimamisha ile programu ndogo inayosimamia foleni ya uchapaji, kufuta kazi zote, kisha kuiwasha tena. Nikafanya hivyo, nikaichagua printa ile yenye namba kuwa ndiyo ya kutumika siku zote, nikaamuru tena.

Mashine ikaguruma. Ikavuta karatasi. Kichwa kikaenda kulia na kushoto kama kawaida yake. Nikasema asante Mungu. Karatasi ikatoka nyeupe.

Sikujua bado kwamba nilikuwa nimevuka kutoka tatizo moja kwenda jingine lisilohusiana nalo kabisa. La kwanza lilikuwa la kompyuta, na lingeweza kumpata yeyote. Hili la pili lilikuwa langu.

Nikaingia kwenye menyu ya kusafisha kichwa. Nikasafisha, nikajaribu: nyeupe, na vimistari viwili vitatu vya bluu. Nikasafisha tena. Na tena. Nilisafisha mara saba mfululizo, nikiangalia wino mweusi ukishuka kwenye tangi kama maji ya kisima wakati wa kiangazi. Ilipotimu saa nne na nusu nikampigia simu Mama Katibu. Nilijua amelala. Sikumsalimu vizuri.

"Mama, hii printa umeifanya nini?"

Akanyamaza. Nilisikia mbwa wakibweka upande wake.

"Mimi sijaigusa tangu uliponiambia nisiiguse, Frateri."

Sikuwa na la kusema. Akauliza yeye, "Unaizima vipi?" Nikamweleza. "Ukutani?" Nikasema ndiyo, ukutani. Akanyamaza tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi. "Usiisafishe tena usiku huu. Iache ipumzike. Nitakuja alfajiri."

Katika Sala ya Usiku kuna mahali pa kutafuta dhamiri. Mara nyingi nilipapita haraka, kwa kuwa usingizi unakuwa umeshafika. Usiku ule sikupapita haraka. Kisha nikachukua kalamu nikaanza kunakili wasifu kwa mkono, na mpaka saa saba usiku nilikuwa na nakala mbili, ya pili mwandiko wake haufai kuonyeshwa.

Alichonieleza kesho yake, pamoja na niliyokuja kuyasoma baadaye, ni hiki. Printa za namna hii hurusha wino kwa matundu mamia kadhaa yaliyo chini ya kichwa chake, kila tundu jembamba kuliko unywele. Zipo zinazourusha kwa joto: inasimuliwa kwamba mwaka 1977 mhandisi wa kampuni ya Canon, Japani, aligusisha kwa bahati mbaya chuma cha moto cha kulehemu kwenye sindano yenye wino, wino ukaruka, na hapo wazo likazaliwa. Nyingine, kama yetu, hutumia vijiwe vidogo vinavyojikunja vikipitishiwa umeme, namna ya vile ambavyo ndugu Pierre na Jacques Curie wa Ufaransa walianza kuvichunguza mwaka 1880, zamani sana kabla ya printa yoyote. Kwa vyovyote vile wino ni maji kwa sehemu kubwa, na maji katika tundu la namna hiyo hukauka. Kwa hewa ya Dodoma mwezi Agosti, na upepo wake na vumbi lake, hayachelewi.

Ndiyo maana watengenezaji wameweka kifuniko. Upande mmoja wa mashine kuna kitanda kidogo chenye ukingo wa mpira, na ukiizima kwa kitufe, kichwa hurudi pale na kukalia mpira ule, matundu yakazibwa yasipigwe hewa. Zile krr, krr, tak za Mama Katibu zilikuwa ni kichwa kinarudi kitandani. Ukiikatia umeme ukutani ikiwa katikati ya kazi, kichwa kinabaki kiliposimama, mdomo wazi, usiku kucha. Na ule ukurasa wa rangi wa Jumatatu ulikuwa unapitisha wino mbichi katika matundu ya rangi zote nne, hasa zile ambazo matangazo ya Dominika hayazigusi. Fundi aliyeiuza printa ndiye aliyemfundisha yote mawili. Badala ya kuchapa mistari ya majaribio na kuitupa, yeye akaona afadhali wachapwe watakatifu.

Niliwahi kumuuliza? Sikuwahi.

Kusafisha mfululizo nako kulikuwa kosa. Kila usafishaji hunyonya wino kupitia kichwa na kuumwaga kwenye sifongo iliyo chini ya mashine. Sifongo ikijaa, mashine zenyewe hukataa kufanya kazi. Mara mbili au tatu zatosha. Kama bado, iache saa sita, kumi, usiku mzima, wino mpya ulainishe ule mkavu. Na usije ukaingiza pini. Zipo printa za katriji ambazo kichwa kimo ndani ya katriji yenyewe, ukinunua katriji mpya umepata na kichwa kipya. Yetu kichwa ni cha mashine. Ukikiua, umeiua yote.

Alifika saa kumi na mbili na nusu, amejifunga kanga mbili, njiani kwenda kupika msibani. Alinisalimu kama siku zote. Akaiwasha, akachapa ukurasa wa majaribio. Bluu ilikuwa imerudi yote. Nyekundu yote. Njano nusu. Nyeusi ilikuwa imekatikakatika, huwezi kusoma neno. Akasafisha mara moja, akajaribu, nyeusi ikabaki vilevile. Nikamwonyesha nakala zangu mbili za mkono. Akazitazama kwa adabu.

Kisha akauliza, "Lakini lazima maneno yawe meusi?"

Akaketi kwenye kompyuta, akachagua maandishi yote, akayageuza kuwa ya bluu. Bluu ile mashine huipata kwa kuchanganya bluu yake na nyekundu, nyeusi haihitajiki. Karatasi ya kwanza ikatoka imejaa maneno, ya buluu iliyoiva, majina ya vigango saba yakasomeka. Tukachapa nakala nane: sita za watoto, moja ya msomaji, moja ya jalada la parokia. Alipomaliza akabonyeza kitufe, akasimama kusubiri. Nami nikasimama.

Mazishi yalikwenda vizuri. Wasifu ulisomwa wote. Watoto wa marehemu walizipokea karatasi zao, na mjane, ambaye hajui kusoma, aliichukua ya mwanawe mkubwa akaipitisha kidole mstari kwa mstari mpaka mwisho.

Baadaye nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye mafiga. Mama Katibu alikuwa anasonga ugali pamoja na akina mama wa WAWATA. Nikasimama na maneno yangu niliyoyapanga tangu usiku.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha."

"Shika sufuria hii kwanza, Frateri, itapinduka."

Nikashika. Moshi ukaniingia machoni. Aliposonga akamaliza, akasema nimekwisha kusamehewa tangu usiku, maana mtu anayepiga simu saa nne na nusu amebanwa. Nikashukuru, nikageuka niondoke. Akaongeza kwa sauti ya chini, akina mama wasisikie, "Siku ile ya Juni, mhasibu alikuwepo."

Hilo lilinichukua hadi kikao cha Jumatano. Kusema nyuma ya moshi ni kitu kimoja. Kusema mezani, mbele ya Baba Paroko, mhasibu na wajumbe, kwamba nilimkataza mtu kazi aliyoijua na mimi siijui, kisha nikamsingizia, ni kitu kingine. Nilisema. Maneno yalinitoka mafupi kuliko nilivyokusudia. Mhasibu aliandika kitu kwenye daftari lake, sijui nini. Baba Paroko akauliza kama ajenda inayofuata ni paa la kigango.

Nyeusi ilichukua karibu wiki mbili kurudi. Mama Katibu aliisafisha mara moja kila jioni, akaiacha ilale, asubuhi akajaribu, na kila siku mistari miwili mitatu ikajiunga. Hatukuingoja ipone kabisa. Jumatatu iliyofuata aliniambia nichague mimi mtakatifu wa watoto, na kwa kuwa sikukuu yake ya tarehe 27 ilikuwa juma lile, nikamchagua Mtakatifu Monika. Nilichapa mwenyewe, nikaipeleka mwenyewe darasani. Binti mmoja wa darasa la pili akaishika karatasi kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho.

"Frateri, mbona shela yake ina mistari?"