Nyumba ya Kaskazi Mlimani

Kila mwaka demani inapokwisha na mvua za vuli zinapokaribia, mimi na bwana wangu hufunga mkoba mmoja tukapanda bara. Desturi hii tuliianza mwaka aliostaafu ukarani wake wa bandarini, na safari ya mwaka huu ilikuwa ya nne. Njia tumekwisha kuizoea: treni ya asubuhi kutoka Miritini, usiku mmoja kwa wifi yangu Nairobi, kisha matatu ya Nyeri inayopita Thika, Sagana na Karatina, mwendo wa kilomita zipatazo 150.

Lakini safari ya mara hii haikuwa ya matembezi matupu. Ndani ya mkoba mlikuwamo karatasi iliyokunjwa mara nne. Bwana wangu alikuwa ameichora mwenyewe kwa rula na penseli: vyumba viwili, bafu, mahali pa kuswalia, na baraza inayouelekea mlima. Juu yake aliandika kwa mwandiko wake wa kikarani, “Nyumba ya Kaskazi”.

Msomaji wa Mombasa hana haja ya kuelezwa maana ya jina hilo. Kaskazi inapovuma, kuanzia Desemba hadi Machi, kuta zetu za mawe hushika joto la mchana zikalitoa usiku. Kwa kijana hiyo ni kero ya kupita. Kwa mzee mwenye presha ni miezi ya kukaa kitako kitandani akingojea adhana ya alfajiri. Katika miezi hiyo hiyo Nyeri, iliyo kiasi cha mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, huwa na jua kavu la mchana na usiku wa blanketi mbili. Dalali alikuwa ametuonesha ploti ya futi 50 kwa 100 nje kidogo ya mji, naye alitaka arubuni Jumatatu.

Mimi nilikuwa na neno moyoni juu ya ploti ile, na tangu mwaka jana nilikuwa sijalisema.

Tulishuka Karatina kwanza, kwa kuwa siwezi kuupita mji ule bila kuingia sokoni. Akina mama wa Karatina hupanga viazi, kabichi na karoti ambazo udongo wake haujakauka bado, na bei zake humfanya mtu wa pwani ajione tajiri. Nilinunua kiondo kimoja nikakijaza. Bwana wangu alisimama pembeni akihesabu kwa sauti matumizi ya mwezi ya watu wawili huku mlimani, na kila alipomaliza hesabu alitabasamu. Nilimwonea huruma kumkatiza.

Wazo lake, kwa kweli, si geni katika mji wa Nyeri. Siku ya pili tulikwenda kuzuru nyumba ndogo iitwayo Paxtu, iliyomo katika viwanja vya hoteli ya Outspan. Nyumba hiyo ilijengwa kwa ajili ya Lord Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti duniani, na mkewe Olave. Wawili hao walizaliwa tarehe moja, 22 Februari, yeye mwaka 1857 na mkewe mwaka 1889. Walipozuru Nyeri katika miaka ya 1930 mwenyeji wao alikuwa Eric Sherbrooke Walker, mwenye hoteli, ambaye zamani alikuwa katibu wa mzee huyo. Mzee aliupenda mji mno, hata akawa anasema kwamba mtu kadiri anavyoikaribia Nyeri ndivyo anavyoikaribia raha. Afya yake ilipodhoofika, wakaazimia wawe na makao pale kwa miezi ya baridi ya Uingereza. Nyumba yao ya kwao iliitwa Pax Hill, yaani kilima cha amani, na hii wakaipa jina la mchezo wa maneno kuwa ni Pax ya pili.

Nilipolisikia hilo nilicheka. Wao waliikimbia baridi na sisi tunalikimbia joto, ila miezi ni ile ile na mlima ni ule ule.

Wakahamia mwaka 1938, mzee akiwa na miaka 81. Pale barazani alichora wanyama na ndege, akaandika, akautazama mlima. Mwaka uliofuata vita vikuu vikaanza, na nyumba iliyokusudiwa msimu ikawa ya mwisho. Mzee alifariki tarehe 8 Januari 1941. Baada ya vita Jim Corbett, yule mwindaji wa chui na simba marara wa India aliyegeuka mtetezi wa wanyama, alikaa katika nyumba hiyo hiyo pamoja na dada yake, naye akafia Nyeri mwaka 1955. Leo Paxtu ni makumbusho madogo, na vijana wa Skauti kutoka pande zote za dunia huja kuizuru.

Si haki kuisimulia habari hiyo bila upande wake wa pili. Wakati nyumba ile inajengwa, sehemu kubwa ya ardhi njema ya nyanda za juu ilikuwa imetengwa na serikali ya kikoloni kwa walowezi wa Kizungu, na Wakikuyu wakabanwa katika maeneo waliyopangiwa. Nyeri hiyo hiyo ndiyo iliyomzaa Dedan Kimathi, aliyepigana msituni kwa ajili ya ardhi mpaka akakamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Februari 1957. Mgeni anayekwenda kununua kiwanja huko asidhani ananunua udongo tu. Bwana wangu hilo alilijua, na alikwisha kuhakikisha kwamba muuzaji na jamaa zake wote wameridhika na kwamba hati ni safi. Tatizo langu halikuwa katika hati.

Kutoka hotelini tulikwenda kwenye makaburi ya kanisa la St Peter, ambako mzee yule amezikwa akiuelekea mlima. Juu ya jiwe la kaburi pamechorwa duara lenye nukta katikati. Katika alama ambazo maskauti huachiana njiani, maana yake ni “nimekwenda nyumbani”.

Bwana wangu alilitazama jiwe kwa utulivu. Mimi nilikuwa nikimfikiri mke. Siku ile mumewe alipozikwa, Olave alikuwa na miaka 51, ugenini, na dunia ikiwa vitani. Mwaka 1942 alipanda meli kurudi Uingereza katikati ya hatari ya baharini, na kule Pax Hill, nyumba waliyowalelea watoto wao, ilikuwa imechukuliwa na wanajeshi wa Kanada. Aliishi hadi mwaka 1977, ndipo majivu yake yakaletwa kuwekwa katika kaburi hilo la mumewe. Ni miaka 36 baina ya kifo kimoja na kingine. Katika mchoro wa nyumba ya uzeeni, miaka hiyo haichorwi.

Hapo nikalisema neno langu.

“Bwana, ukitangulia wewe, mimi eda nitaikaa wapi? Miezi minne na siku kumi katika nyumba hii ya mlimani, na nani? Na nikitangulia mimi, wanawake wa kuniosha utawapata wapi?”

Hakujibu upesi. Alivua miwani akaifuta. “Mama watoto,” akasema, “miaka yote hii mbona hukuniambia?”

“Niliona unafurahi.”

Tuliondoka kimya. Adhuhuri ilikuwa imeingia, tukaelekea msikiti wa mjini. Miji mingi ya bara ina mtaa uitwao Majengo, na Nyeri pia unao. Mitaa hiyo ilikaliwa na Waislamu waliofuata biashara na kazi za askari, wakaoana na wenyeji, na wajukuu wao leo huzungumza Kikuyu na Kiswahili kwa ufasaha ule ule. Baada ya swala nilibaki nimekaa karibu na bibi mmoja mtu mzima. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza nitokako na kilichonileta. Sijui kwa nini nilimweleza yote, pamoja na yale ya eda na ya kuoshwa.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka cheko la pole. “Mwanangu, kwani unadhani sisi wa huku hatufi?”

Nilitahayari. Miaka minne nimekuja Nyeri, nimeujua mlima wake, soko lake na hata bei ya karoti zake, wala sikupata kubisha hodi katika nyumba moja ya Majengo. Bibi akanieleza kwamba amewaosha wanawake wasio na idadi, wa asili kila namna, na kwamba mwenye eda hapikiwi na mvumo wa bahari; hupikiwa na majirani. “Lakini,” akaongeza, “ploti mliyooneshwa iko mbali nasi. Mtakuja Desemba, mtaondoka Machi, milango mmefunga. Tutawajuaje?”

Hapo ndipo nilipolifahamu vizuri lile neno letu la kale, jirani kabla ya nyumba. Nililisikia utotoni nikadhani maana yake ni kuchunguza kama jirani ni mtu mbaya. Kumbe lina maana ya pili, kwamba ujirani wenyewe una kazi yake na muda wake, na kazi hiyo hutangulia saruji.

Siku ya tatu tulikwenda Nanyuki, kiasi cha kilomita 60, kwa njia ya Naro Moru. Asubuhi ilikuwa safi na mlima ukajifunua wote, na vilele vyake viwili, Batian na Nelion, vikimeta kwa theluji. Kufika saa nne mawingu yalikuwa yameufunika. Penye bango la ikweta vijana walituonesha maji yakizunguka kulia upande mmoja wa mstari na kushoto upande wa pili. Mchezo huo ni wa mkono zaidi kuliko wa ikweta, ila tuliwapa kitu kidogo kwa ucheshi wao.

Tulipokuwa tunakunywa chai bwana wangu aliitoa karatasi yake mkobani. Nilidhani ataichana. Aliikunjua, akaniomba kalamu, akaandika chini ya ile baraza: “Baadaye, Inshallah.” Kisha akampigia simu dalali kumwambia kwamba arubuni haitakuwapo.

Tumekubaliana hivi. Kuanzia Januari tutapanga vyumba viwili Majengo, mwendo wa dakika chache kwa miguu hadi msikitini, tukae hadi Machi. Tukijaaliwa tutafanya hivyo misimu miwili au mitatu, tuzike nao, tuoze nao, tufuturu nao. Ikiwa baada ya hapo watu wa mtaa watatuita kwa majina yetu, ndipo tutafikiri ploti. Na ikiwa sivyo, fedha zile zitatengeneza dari ya nyumba yetu ya Mombasa na kufungua dirisha la upande wa bahari, na hasara haitakuwapo.

Enyi akina mama wenzangu, wengi wetu waume zetu wanastaafu sasa, na kila mstaafu ana mchoro wake, wa shamba, wa duka au wa nyumba. Tusiwavunje moyo, lakini tusiwanyamazie kwa mapenzi pia. Neno lisemwe kabla ya arubuni, kwa kuwa baada yake huitwa lawama.

Bibi wa Majengo amenipigia simu juzi. Anauliza tutafika lini, na ameagiza nazi kumi na halua. Nazi nimekwisha kuzinunua.