Sehemu ya 7: Stika ya SUMU, na rangi isiyotakiwa kupotea

Mama zangu wa Nachingwea, Ruangwa na wote mnaofuatilia, wengi mmeniuliza ile stika ya fuvu niliyobandika kwenye sanduku la dawa za shamba niliitengenezaje. Leo naeleza, hadi kuondoa rangi ya karatasi inayoharibu picha.

Kwanza tukumbushane kwa nini tunahangaika. Huku kwetu mikorosho ikianza kuchanua, salfa na dawa nyingine za ubwiri unga zinaingia ndani ya nyumba. Mfuko unakaa nyuma ya mlango, na ya maji iliyobaki inamiminwa kwenye chupa ya soda. Halafu sisi wenyewe kila kitu tunakiita "dawa": dawa ya mikorosho, dawa ya panya, dawa ya kikohozi. Sasa mama, umemtuma binti yako wa darasa la pili, "kalete dawa ya mdogo wako", na giza limeshaingia. Ataleta chupa ipi? Huyo binti ndiye ninayemtengenezea stika.

Mchoro wangu alichora mpwa wangu kwenye manila ya njano: fuvu kwa maka peni nyeusi, neno SUMU kwa nyekundu. Ukiuskani na kuuchapa ulivyo, unapata kiboksi cha njano chafu. Kwenye printa ya wino mweusi tu, njano inatoka kijivu na herufi zinazama humo.

Stesheneri mwambie kijana askani kwa rangi, dpi 300. Asiskani nyeusi na nyeupe, maana programu inahitaji kuiona hiyo njano ndipo iweze kuitenga. Mimi natumia GIMP, ni ya bure. Picha ya rangi ina tabaka tatu za mwanga: nyekundu, kijani na bluu. Ukiangalia tabaka moja moja, kila moja inaonyesha karatasi tofauti.

Hapa kuwa makini. Kwenye tabaka nyekundu, manila ya njano inageuka karibu nyeupe, unafurahi. Kumbe na neno SUMU limefifia pamoja nayo, kwa sababu nyekundu nayo inang'aa kwenye tabaka hiyo. Umebaki na fuvu zuri lisilosema kitu. Chukua tabaka ya kijani: njano inakuwa nyeupe, nyeusi inabaki nyeusi, na nyekundu inatoka nyeusi pia. Kisha unalirudishia neno rangi yake. Kama manila yako ni ya bluu, tumia tabaka ya bluu.

Ukimaliza hapo, ongeza weupe taratibu mpaka vivuli vya mikunjo viondoke. Simama kabla meno ya fuvu na kingo za herufi hazijaanza kukatika.

Kuna wanaopenda stika ya plastiki inayoonyesha, wakafuta weupe wote. Printa zetu hazina wino mweupe! Fuvu ukilibandika kwenye dumu jeusi linapotea kabisa. Nunua stika nyeupe, chapa, kata kwa mkasi kufuata mchoro. Kama printa ni ya wino wa maji, pitisha selotepu pana juu, la sivyo ikiloa inachuruzika. Chapa moja kwanza, ibandike, iangalie usiku kwa mwanga wa tochi ya simu. Ikisomeka hapo, chapa nyingine.

Jambo moja msiliguse: lebo ya kiwandani. Ule mkanda wa rangi chini ya lebo si pambo. Nyekundu ni sumu kali zaidi, inafuata njano, kisha bluu, kisha kijani. Na kijani haimaanishi inanyweka, mama. Usiifunike lebo hiyo kwa stika yako. Tutaihitaji zahanati.

Na tusidanganyane, stika haimzuii mtoto wa miaka miwili. Marekani walitengeneza stika ya uso wa kijani uliokunja sura, Mr. Yuk, mwaka 1971 kule Pittsburgh. Tafiti za baadaye zilionyesha watoto wadogo hawakuiogopa, wengine iliwavutia. Kwa mdogo, kinga ni kufuli na urefu: sanduku linalofungwa, juu asikofika hata akipanda kiti. Stika ni ya kaka, dada, bibi na mgeni.

Ikitokea mtoto amekunywa, usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula. Ikimmwagikia, mvue nguo na umwoshe kwa maji mengi na sabuni. Ukimwona anatoka mate mengi, jasho, au anapumua kwa shida, hiyo ni hatari kubwa. Lakini usisubiri dalili: mkimbize kituo cha afya kilicho karibu na uje na chombo chenyewe. Kile chombo kinatuambia tuanze na nini.

Leo kabla ya kulala, chungulia uvunguni na nyuma ya mlango. Chupa yoyote ya soda yenye kitu kisicho soda, itoe ndani ya nyumba usiku huuhuu, uifungie mbali na watoto. Stika utachapa kesho.