Sanduku la Kufuli Tatu

Watu wengi huniuliza nilipata wapi ujasiri wa kumwacha mume aliyekuwa akinipiga. Ujasiri nilikuwa nao zamani. Nilichokosa ni kodi. Hapa Dar es Salaam wenye nyumba wengi wanataka miezi sita mkononi kabla hawajakupa ufunguo, na mwanamke anayeachiwa hela ya mboga asubuhi, akaulizwa chenji jioni, ataitoa wapi? Niliwahi kukimbilia kwa kaka. Wiki haikuisha wifi akaanza kununa, na mama akapiga simu kutoka kijijini: “Vumilia mwanangu, ndoa ndivyo zilivyo.” Nikarudi.

Kilichonivusha ni kikoba. Kila Jumamosi akina mama wa mtaani tulikutana kununua hisa, na fedha zilikaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Kila ufunguo ulikuwa na mshikaji wake. Asipofika mmoja, sanduku halifunguki. Mume wangu alikuwa akipekua pochi, godoro, hata ndoo ya unga. Simu ndiyo usiseme, namba yangu ya siri aliijua. Sanduku lile hakuliweza. Faida ya vitumbua yote iliishia humo, mia tano mia tano.

Siku aliponivunja mkono, jirani alinipeleka polisi. Kwenye Dawati la Jinsia na Watoto askari wa kike aliandika maelezo yangu bila kuniharakisha, akanipa fomu ya polisi, PF3, niende nayo hospitali. Wenzangu hawakusubiri Jumamosi. Mfuko wa jamii wa kikoba ulilipa matibabu, nikakopeshwa kwa hisa zangu, na mweka hazina, mama wa Kimakonde asiyejua kukataliwa, akaenda kumbana mwenye nyumba mmoja mpaka akakubali miezi mitatu. Kilikuwa chumba kimoja, choo cha kuchangia. Wanangu na mimi tulilala kwenye mkeka, lakini tulilala.

Nilipodai talaka, kwenye baraza la usuluhishi la kata mzee mmoja alitaka tuyamalize nyumbani. Ndiko yalikoanzia, nikamwambia. Usuluhishi ukashindikana, wakaniandikia fomu ya kwenda mahakamani. Dada wa msaada wa kisheria ndiye aliyenifumbua macho: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, haimpi yeyote haki ya kumchapa mwenzake. Akaniambia pia kwamba tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani inahesabu kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe rufaa yake ilitupwa. Sisi tuliokuja nyuma ndio tunaokula matunda.

Sasa nina banda la chakula, na mtungi wa gesi ni wangu. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba ni mizuri, ila kwa wanawake inatolewa kwa vikundi. Aliyekimbia jana usiku na watoto hana kikundi, hana hata kandambili.

Kwa hiyo wewe unayeishi kwenye ndoa ya kipigo leo, jiunge na kikoba kabla hujaamua lolote, na usimtajie jina la kikoba hicho mwenye mkono mwepesi. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kitambulisho chako mpe mtu unayemwamini akutunzie. Wewe mwenye nyumba, pokea miezi mitatu.