Ukurasa Usiofunguka: Kumbukumbu za Kazi kati ya Kolwezi na Dilolo

Upangaji wa kurasa kwa kompyuta, yaani kazi ya kukusanya maneno, picha na mistari mpaka ukurasa uwe tayari kwenda mashineni, ulianza kuenea mwaka 1985, pale programu ya PageMaker ya kampuni ya Aldus, kompyuta ya Macintosh na printa ya leza ya Apple vilipomwezesha mtu mmoja mezani kufanya kazi iliyokuwa ikihitaji karakana nzima. Vitabu vinavyosimulia habari hiyo huishia ukurasa unapokamilika, na ni nadra kueleza jinsi unavyomfikia mtu asiye na programu iliyoutengeneza. Katika Lualaba, jimbo la Kongo, kazi ilianzia hapo vinapoishia, na ndiyo iliyokula sehemu kubwa ya umri wa mwandishi wa kumbukumbu hizi.

Mwandishi alizaliwa Dilolo, mji wa mpakani na Angola ambako tangu 1931 reli itokayo Tenke imeungana na reli ya Benguela iendayo Lobito, na baba yake alikuwa mtu wa reli. Vita vya Angola vilikatiza safari za shaba kuelekea Lobito mwaka 1975. Miaka miwili baadaye wapiganaji wa FNLC, kundi la waasi wa Kikongo waliokuwa Angola, walipovuka mpaka, familia ikahamia Kolwezi, ambako mwandishi alisoma, akajifunza kupiga taipu na kuchapa kwa stensili, ile karatasi ya nta inayotobolewa na herufi za taipu ili wino upenye. Mengine ya utoto hayana uzito katika habari hii.

Aliyemfundisha kazi alikuwa fundi mmoja wa Kolwezi ambaye mikono yake ilizoea kwanza herufi za risasi katika kiwanda cha misheni, na ambaye vijana wote wa ofisi walimwita Papa. Ofisi yenyewe ilikuwa ya aina ambayo watu wa Kongo huiita sekretaria: chumba chenye kompyuta, printa na mashine ya fotokopi, ambamo wateja huandikiwa barua za kuomba kazi, kanuni za ushirika, mialiko ya harusi na vijitabu vya ibada ya mazishi. Papa alitumia Publisher, programu ambayo Microsoft iliitoa mwaka 1991, kwa kuwa iliendeshwa na kompyuta yoyote ya Windows iliyopatikana sokoni, na alikuwa na sheria isiyojadiliwa kwamba mteja huondoka na karatasi, si faili.

Sheria hiyo haikuwa ya uchoyo mtupu, ingawa wapo waliomsengenya hivyo. Faili asilia, yaani lile ambalo programu iliyolitengeneza ndiyo pekee inayolielewa sawasawa, kwa kawaida halibebi fonti, yaani maumbo ya herufi, ndani yake bali hubeba majina ya fonti tu, hivyo likifunguliwa kwenye mashine isiyokuwa nazo kompyuta huchagua nyingine kwa ubashiri. Herufi zikiwa pana kidogo mistari huongezeka, maneno hufurika nje ya kisanduku chake, na ubeti wa mwisho wa wimbo wa mazishi hutoweka bila onyo. Mwenye Macintosh hakuweza hata kufikia hatua hiyo, kwa sababu Publisher haikutengenezwa kamwe kwa ajili ya kompyuta hizo. Papa alikuwa na haki ya kuogopa kurasa zilizoharibika kutembea mjini kwa jina lake.

Lakini mwaka 2015 jimbo la Katanga liligawanywa kuwa majimbo manne, Kolwezi ikawa makao makuu ya Lualaba, na kila karatasi yenye kichwa cha barua ikawa imepitwa na wakati kwa neno moja. Shule, parokia na vyama vya wakulima vya upande wa Dilolo, zaidi ya kilomita 400 kwa reli, viligundua kwamba haviwezi kufuta neno Katanga na kuandika Lualaba kwenye vichwa vyao wenyewe, kwani muundo ulikuwa ndani ya kompyuta ya fundi huko Kolwezi, katika programu ambayo havikuwa nayo. Mwandishi alishauri kwamba nembo na mistari vifanywe picha, maneno yaachwe kuwa maandishi ya kawaida, na vyote viwekwe katika hati ya Word ambayo karani yeyote angeifungua na kuisahihisha. Papa alijibu kwamba fundi anayegawa funguo asishangae kukuta nyumba tupu. Mabishano yakawa marefu, mwandishi akaondoka ofisini hapo, na tangu siku hiyo hajaona hoja iliyombadilisha: mteja aliyelipia kichwa cha barua amelipia pia uwezo wa kukirekebisha.

Kuhusu PDF walitofautiana kwa namna ya kitaalamu zaidi. Muundo huo, ambao kampuni ya Adobe iliutangaza mwaka 1993 na ambao tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa kisichofungwa na kampuni moja, hubeba ukurasa pamoja na fonti zake, na kisomaji chake hupatikana bure. Papa aliukubali kwa sharti kwamba maneno yote yageuzwe kwanza kuwa michoro, yaani kila herufi iache kuwa herufi na ibaki umbo tu, ili pasiwe na fonti ya kukosekana wala mtu wa kuchokoa maneno. Kwa nembo, kwa vichwa vikubwa na kwa fonti ambazo leseni yake inakataza kupachikwa ndani ya faili, alikuwa sahihi. Kwa kijitabu kizima alikosea, kwa sababu herufi ndogo zilizogeuzwa michoro hupoteza maelekezo ya ndani yanayoisaidia printa kuzichora vizuri, zikatoka nene na nzito. Neno halitafutiki tena ndani ya hati, simu haiwezi kumsomea kipofu, na jina la marehemu likikosewa halirekebishiki ila kwa kuanza upya. Wanafunzi wa zamani wa Papa wanaoendelea kufanya hivyo kwa kila kazi wanamheshimu kwa jambo ambalo hakulifikiria vya kutosha.

Vijana wa sasa wana kosa lao, nalo ni baya zaidi. Wanapiga picha ya skrini, wanaituma kwa WhatsApp kama picha, programu inaipunguza ili isafiri kwa wepesi, kisha wanamlaumu mwenye mashine kwamba maandishi yana ukungu. Ilhali tangu 2016 WhatsApp inapokea PDF kama hati na kuifikisha bila kuigusa. Kabla ya kuchora hata mstari mmoja, fundi na aulize upande wa pili kuna mashine gani! Kijitabu cha kurasa 8 kikienda kwenye kiwanda cha uchapaji Lubumbashi, kitumwe ukurasa mmojammoja kwa mpangilio wa kusoma, pamoja na milimita 3 za ziada pembeni kwa ajili ya kukatwa, maana kiwanda hupanga kurasa chenyewe. Kikienda kwa katekista wa Kasaji ambaye ana printa ndogo na fotokopi tu, kurasa zipangwe tayari kwa kukunjwa, ya 8 kando ya ya 1, ya 2 kando ya ya 7, kila jozi ikitoa jumla ya 9, kwa sababu hakuna atakayempangia. Kumtumia huyu faili la yule ni kumtwisha mpokeaji kazi ya mtumaji.

Sasa Microsoft imetangaza kwamba Publisher itaacha kuhudumiwa Oktoba 2026, na wanaoipata kwa kulipia huduma ya Microsoft 365 hawataweza tena kufungua mafaili yake kwa programu hiyo. LibreOffice, ambayo ni ya bure, huyasoma tangu 2013, ingawa visanduku husogea na fonti hubadilika. Kwa hiyo mwandishi, ambaye amekwisha kustaafu, hugeuza kazi za zamani kuwa PDF na nakala ya maandishi matupu, akianza na za parokia na vyama vya ushirika, akiziacha za harusi mwisho. Mafaili ya Papa, ambaye amefariki, yamo katika kompyuta inayotunzwa na jamaa zake, na mazungumzo ya kuyafungua bado yanaendelea.