Matoleo Mawili ya Kodeki Katika Kompyuta Moja

Tulipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya msingi mkoani Dodoma, tulipewa Darasa la Sita na mada ya mmomonyoko wa udongo. Mkoa huu hauna haja ya kuazima mifano. Huko Kondoa ardhi iliharibika mno hata Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoathirika ili majani na miti ipate kuota tena. Tulikusudia kuwaonyesha wanafunzi video mbili za korongo moja: ya kwanza ilirekodiwa miaka mingi nyuma na walimu waliotutangulia, ya pili tuliirekodi wenyewe kwa simu. Shabaha ya somo ilikuwa mwanafunzi alinganishe, kisha aeleze kilichobadilika na sababu yake.

Usiku wa kuamkia somo tuligundua kwamba video ya simu haifunguki. Video hubanwa ili faili liwe dogo, na kodeki ndiyo programu inayoibana na kuifungua tena. Simu yetu ilitumia mtindo wa H.265, uliokamilishwa mwaka 2013, na kompyuta ya shule ilikuwa ya zamani. Tukaweka mkusanyo mpya wa kodeki, video ikafunguka, nasi tukaenda kulala tumeridhika. Ile ya kwanza hatukuijaribu tena.

Asubuhi, mbele ya wanafunzi zaidi ya 70, video ya zamani ilitoa sauti tu. Kioo kilibaki cheusi. Toleo jipya la kodeki lilikuwa limechukua nafasi ya lile la zamani. Wanafunzi waliliona korongo lilivyo leo, wasilione lilivyokuwa. Mmoja akauliza, "Mwalimu, sasa tutajuaje kama limepona?" Hatukuwa na jibu ila chaki na ubao.

Baadaye tulielewa kosa letu. Kodeki zinazowekwa katika mfumo wa kompyuta huandikishwa kana kwamba ni katika daftari moja linalosomwa na programu nyingi. Matoleo mawili yenye utambulisho mmoja hayakai humo pamoja. La mwisho kuingia humfukuza mwenziwe. Lakini zipo programu, kama VLC, iliyoanza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris huko Ufaransa, ambazo hubeba kodeki zake zenyewe. Programu ya namna hiyo yaweza kukaa ndani ya kabrasha lake, na toleo lake jingine katika kabrasha la pili, kila moja na vyombo vyake, bila kugombana.

Kwa hiyo twawashauri walimu wenzetu mambo matatu. Kwanza, msiondoe toleo la zamani kabla ya kujua ni mafaili gani yanalitegemea. Pili, kila toleo lipewe kabrasha lake na jina lake. Tatu, baada ya badiliko lolote, jaribuni zana zote za somo, si ile mpya peke yake.

Juma lililofuata tulilirudia somo, na video zote mbili zikaonekana. Yule mwanafunzi alijijibu swali lake mwenyewe. Wahenga walikwisha kutuonya: usiache mbachao kwa msala upitao.