Herufi tatu, njia tatu: orodha ndogo inayoamua mzigo uende wapi

LUBUMBASHI – Mtu akiandika herufi tatu tu, K, a, s, kwenye ordinateri ya ajansi moja ya mizigo mjini hapa, mashine inamletea majina matatu: Kasaji, Kasenga na Kasumbalesa. Kwenye skrini yanapangana kama watoto wa tumbo moja. Barabarani hayajuani. Kasumbalesa iko kusini, mpakani na Zambia. Kasenga iko kaskazini-mashariki, kando ya mto Luapula. Kasaji iko mbali magharibi, kwenye reli ya kutoka Kolwezi kwenda Dilolo. Kidole kikiteleza mstari mmoja, gunia la unga linaenda kulala mahali ambapo mwenye nalo hana hata ndugu.

Kijana mmoja fundi wa programu ndiye aliyetengeneza kisanduku hicho cha kuandikia. Mara ya kwanza alikipamba kwa macho yake mwenyewe: herufi nyembamba za kijivu juu ya nyeupe, majina yamebanana, kona za mviringo. Usiku chumbani kwake kilipendeza. Lakini kwenye gishe kuna jua linaloingia mlangoni, kuna skrini iliyochoka, na kuna watu kumi wamepanga mstari, kila mmoja ana haraka.

Asubuhi moja mama mmoja alileta dawa za presha za mama yake mzazi anayekaa Kasenga. Karani aliandika herufi tatu, akagusa, akachapa risiti. Yule mama aliisoma polepole, kisha akasema: “Papa, mama yangu hakai Kasaji.” Kwa bahati mfuko ulikuwa haujapanda gari. Mkubwa wa ajansi alitaka kumkaripia karani. Fundi alikataa. Alisema jicho la mtu halina kosa kama alama ya barabara yenyewe haisomeki.

Basi akaanza upya. Kwanza rangi. Kanuni za W3C kuhusu kurasa zinazofikiwa na kila mtu zinadai tofauti ya angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake. Kijivu chake hakikufika hapo, akaweka herufi nyeusi. Pili, nafasi: kila mstari akaupa kimo cha pikseli 44, ili kidole kinene cha mtu wa kazi kisiguse majina mawili kwa pamoja. Tatu, mstari uliochaguliwa akaupaka rangi nzito na kuuwekea alama pembeni, kwa sababu karani anayeshuka kwa vishale vya kibodi lazima aone amesimama wapi kabla ya kufinya Enter. Na asiyetofautisha rangi vizuri atasaidiwa na ile alama.

Kulikuwa pia na shida mbili za ndani. Alijaribu kwanza datalist, orodha ya HTML iliyo tayari, lakini hiyo huchorwa na kivinjari chenyewe, na CSS haina nguvu kubwa juu yake. Ikambidi ajenge orodha yake, yenye upana sawa na kisanduku, iliyowekwa tabaka la juu ili isifunikwe na vitu vilivyo chini yake. Tena kivinjari kilikuwa kinaleta mapendekezo yake kutoka kumbukumbu ya zamani, orodha mbili zikapandana. Akakizima kwenye kisanduku hicho.

Lakini dawa kubwa haikuwa rangi. Chini ya kila jina aliandika jina la jimbo kwa herufi ndogo kidogo: Kasenga, Haut-Katanga, Kasaji, Lualaba. Hapo pia palizuka mabishano. Tangu mwaka 2015 nchi ina majimbo 26 badala ya 11, na Katanga ya zamani iligawanywa mara nne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Wazee wengi wanaokuja gishe bado wanasema “Katanga” tu. Kwa hiyo karani sasa anamsomea mteja jina na jimbo kwa sauti, na mzee asiyejua jimbo jipya anaulizwa swali rahisi: ni upande wa Luapula au upande wa reli?

Wengi wanadhani kupamba kisanduku ni kazi ya urembo, kama kupaka ukuta rangi. Lakini mashine ikishamkisia mtu neno lake, anayekubali haandiki tena, anaamini tu. Ndiyo maana orodha inayokisia inapaswa kuonekana wazi kuliko neno ambalo mtu angeliandika kwa mkono wake. Na mteja naye asiache kusoma risiti yake mpaka mwisho kabla gari halijaondoka.